Nanga Chini ya Mwarobaini

  Nazungumza nawe kutoka Mkonze, hapa Dodoma, wakati huu wa kiangazi ambapo vumbi limeshahamia ndani na linakula nasi mezani. Na leo, usinishangae, nataka tuongee habari za bahari.

Najua utauliza: Mkonze na bahari wapi na wapi? Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 450. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya hiyo bahari. Mvua yetu inaanza Desemba, ikifika mwisho wa Aprili imeshaaga. Na jina lenyewe la mji, kama wazee wa Kigogo wanavyosimulia, limetokana na Idodomya, mahali palipodidimia: tembo alikuja kunywa maji, akazama matopeni, asitoke tena. Mji wenye jina la kuzama, halafu mimi nikuletee habari za kuelea!

Sababu ninayo. Nyumba ya tatu kutoka kwangu, chini ya mwarobaini, kuna nanga. Ni nanga yenyewe hasa, ya chuma, ina makucha manne, na watoto wawili wakiishika hawainyanyui. Kuku wa shemeji wanalala juu yake. Mwenye nanga ni jirani yangu, mzaliwa wa Chole, kile kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa Mafia. Alikuja Dodoma kama walivyokuja wengi Serikali ilipohamia huku, akanunua kiwanja, akajenga. Imebaki miezi michache astaafu. Watoto wa mtaani wanamwita Nahodha. Mwanzoni ilikuwa utani. Siku hizi wanamwamkia hivyo hivyo: shikamoo Nahodha.

Nanga hiyo aliipata Gerezani, Dar es Salaam, kwa wauza vyuma chakavu, akaipakia kwenye basi. Kondakta akamuuliza, mzee, hili ni jembe la trekta gani? Hakungoja jibu, akamtoza hela ya mzigo.

Kisa chenyewe ni hiki. Kule Chole mafundi wanamuundia jahazi dogo, la mita tisa hivi. Akistaafu anataka kusafiri nalo yeye na mkewe, ndiye huyo shemeji: kwanza pwani yetu hii, Kilwa, Unguja, Pemba, Tanga, kisha Ngazidja ya Komoro, na Mungu akipenda, siku moja, Shelisheli. Haendi kuvua, wala kubeba boriti. Anataka kusafiri tu, alale chomboni, aone bandari za watu. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya mtu anayeogopa kustaafu. Ndipo akanionyesha daftari.

Ni lile daftari kubwa la kaunta, kama la kuandikia madeni dukani. Ukilifungua mbele, limeandikwa "Chombo". Ukiligeuza kichwa chini na kulifungua kwa nyuma, limeandikwa "Mimi". Upande wa chombo karibu kila mstari una alama ya vema. Upande wa pili alama zinahesabika. Akaniambia: "Mwalimu, chombo kina fundi. Mimi fundi wangu nani?"

Tuanze na chombo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo sisi watu wa bara tunaitumia kwa kila kitu, nyumba, ndoa, hata digrii, isipokuwa kwa kile kilichoizaa. Mimi nilikiona likizo iliyopita, jirani aliponichukua mpaka Chole. Fundi anaanza na mkuku, ule mti mrefu wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo. Juu yake anasimamisha mataruma, ndizo mbavu, na kila taruma limechongwa kwenye tawi lililojipinda lenyewe. Fundi hapindi mti. Anautafuta uliokwisha kupinda. Kisha mbao zinapigiliwa ubavuni. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe kati ya ubao na ubao kuna mwanya, na bahari haitafuti kingine ila mwanya.

Hapo inakuja kalafati. Pamba inasokotwa kama utambi, inaloweshwa mafuta, inashindiliwa mwanyani kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, tak, tak, tak. Fundi mzee alikuwa amemwachia kijana wake kazi hiyo, amemgeuzia mgongo, anakunywa kahawa. Mara akasema bila hata kutazama: "Rudia hapo." Alikuwa anasikiliza. Pamba iliyokaa ina mlio wake, na iliyolegea ina mlio wake. Baadaye, sehemu itakayokaa chini ya maji inapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili wadudu watoboao mbao wasipate mlango.

Na kuna jambo lililonishangaza zaidi. Chombo kipya cha mbao kikishushwa majini, huvuja. Huvuja hata kama fundi ni bingwa, kwa sababu mbao zilizokaukia juani zinataka kwanza zinywe maji, zivimbe, zibanane. Siku mbili tatu watu wanafua maji ngamani huku wanapiga soga. Fundi anaanza kukunja uso ikifika siku ya nne na maji bado yanaingia. Ndiyo maana mwenye chombo kipya haendi nacho mbali. Anakizungusha karibu na nyumbani, leo saa mbili, kesho siku nzima, kesho kutwa usiku, na kila anaporudi anaandika kilicholegea, kilichokatika, kilichokosekana.

Hata wale jamaa wa Lamu waliounda Flipflopi walikwenda hatua kwa hatua. Unalikumbuka lile dau lililoundwa kwa takataka za plastiki, karibu tani 10, na kuvikwa vipande vya ndala vya rangi zote? Fundi wake mkuu, Ali Skanda, alizaliwa katika ufundi wa mbao, lakini plastiki haina tabia ya mbao: ni nzito, inanepa, joto linaibadilisha. Ilibidi ajifunze upya. Dau likashuliwa Septemba 2018, na safari yake kubwa ya kwanza, Lamu hadi Unguja, kilometa kama 500, ikaja mwanzoni mwa 2019, bandari kwa bandari, nchi kavu ikiwa karibu.

Sasa, kabla hatujaligeuza daftari, nikuulize: unajua kwamba mashua imewahi kupita Ugogo? Imepita, juu ya mabega ya watu. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300 na mashua iliyoitwa Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, imeundwa Uingereza, kwenye mto Thames, kwa vipande vya kuungwa na kufunguliwa. Ilipofika Unguja ikaonekana vipande ni vizito mno, hakuna mpagazi atakayeviweza; ikabidi seremala avipunguze kwanza. Heri kosa la Unguja kuliko kosa la Ugogo! Desemba mwaka huo wakapita kwetu huku, mvua inawapiga, chakula cha taabu, na mashua iko mabegani. Mwishoni mwa Februari 1875 wakaliona Ziwa Viktoria, wakaiunga mashua, wakalizunguka ziwa lote. Mshika usukani wake alikuwa Uledi, ambaye mara nyingi watu walipotumbukia mtoni aliruka majini kuwaokoa. Mashua hiyo ikateremka Mto Kongo, na mwaka 1877 wakaiacha juu ya mwamba kwenye maporomoko ya Isangila, wakiwa njiani kuelekea bahari ya upande wa pili. Wengi waliotoka nayo Bagamoyo hawakurudi.

Miaka kama 40 baadaye ikapita meli nzima. Ile Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, na makasha yakapanda treni ya reli ya kati. Njia ya treni hiyo ni hapa Dodoma. Kwa hiyo, msikilizaji, babu yako akichunga mbuzi kando ya reli aliiona meli ikipita vipande vipande, ila hakuna aliyemwambia kuwa ni meli. Ikashuliwa Kigoma Februari 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo grisi nene kila mahali. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na 1927 ikarudi kazini. Tembo wetu wa Idodomya hakuwa na mtu wa kumpaka grisi.

Grisi ile ndiyo inayotufikisha upande wa pili wa daftari. Kujiandaa kwa safari ni pamoja na kukiandalia kile usichokitaka.

Mstari wa kwanza wa upande wa "Mimi" ni maji. Hapo nilicheka, maana nilidhani maji ni habari ya Mkonze, siyo ya bahari. Jirani akanifanyia hesabu kwa madumu. Watu wawili, kunywa na kupika, kila mmoja lita nne kwa siku: lita nane. Siku 30: lita 240. Ni madumu 12 ya lita 20. Ngazidja kutoka Mafia ni kilometa kama 560. Chombo kinachokwenda kilometa tisa kwa saa, usiku na mchana, kinafika siku ya tatu. Shelisheli kutoka Unguja ni kama 1,800, siku nane au tisa, upepo ukikubali. Sasa kwa nini maji ya siku 30? Kwa sababu upepo huwa haukubali. Na madumu hayakai pamoja; yanagawanywa mbele na nyuma, ili moja likipasuka au likaingia chumvi usipoteze yote. Shemeji akauliza, na kufua? Akajibiwa, kwa maji ya bahari, ila sabuni haitoi povu vizuri. Shemeji akasema: "Kumbe ni kama kisima chetu hiki hiki."

Basi mimi nikaelewa kwamba bahari ni nyika. Misafara ya zamani ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa na kipande ilichokiogopa sana, kati ya Mpwapwa na Ugogo, kikiitwa Marenga Mkali. Malenga kwa Kigogo ni maji. Maji makali, yasiyonyweka. Wapagazi walikuwa na mbinu yao na neno lake, tirikeza. Mnajaza vibuyu, mnaondoka mchana badala ya alfajiri, mnatembea mpaka giza, mnalala mahali pasipo na tone, mnaamka usiku mnene, na asubuhi mnayafikia maji. Usiku mmoja wa kiu badala ya michana miwili. Baharia anayepanga asubuhi gani atauona mwamba wa bandari, ili asiufikie gizani, anapiga tirikeza. Na mama wa Kigogo anayeanika mboga ya ilende mwezi wa nne ili iliwe mwezi wa kumi anajua habari za ghala la chomboni kuliko mimi na wewe.

Mstari wa pili ni majira. Upepo wa kaskazi unavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Kusi inashika kuanzia Aprili mpaka Septemba. Karne nyingi vyombo vya Arabuni vilishuka kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, na kati yake mabaharia walikaa, wakauza tende, wakaoa. Kwenda Ngazidja unataka kaskazi. Lakini miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya vimbunga katika bahari ile ya kusini. Na hata kaskazi ikiisha huwa havijaisha: Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikaipiga Msumbiji. Mei 2024 Hidaya kikafika mpaka Mafia. Kwa hiyo dirisha ni jembamba: uondoke kaskazi inaposhika tu, kabla vimbunga havijakolea, na usikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa kuliko unavyosikiliza hamu yako. Mkulima wa hapa anayepanda kwa mvua ya kwanza anajua hasara ya kudanganywa na majira.

Mstari wa tatu ni karatasi na sauti. Chombo kisajiliwe na kikaguliwe; hiyo ni kazi ya TASAC. Pasipoti, muhuri wa kutoka. Ukiingia bandari ya ugenini unapandisha bendera ya njano, maana yake: nimefika, mje mnikague. Redio ya chomboni isikilize chaneli 16 muda wote. Na kuna kile kifaa kidogo kinachotuma ishara ya hatari kwa setilaiti. Jirani alikinunua kabla ya kununua tanga. Watu wakamwona hana akili.

Mstari wa nne ni hofu, na huu aliuandika shemeji kwa mkono wake. Oktoba 2009 mume na mke Waingereza, Paul na Rachel Chandler, waliondoka Shelisheli na chombo chao wakielekea hapa kwetu Tanzania. Maharamia wa Kisomali wakawakamata, wakakaa nao zaidi ya mwaka mzima, hadi Novemba 2010. Ni kweli hali ilikuwa imetulia sana; mwanzoni mwa 2023 mashirika ya meli duniani yaliacha kuihesabu Bahari ya Hindi kuwa eneo la hatari kubwa. Lakini shemeji hakuandika "maharamia". Aliandika swali: "Ukianguka wewe, mimi narudije?"

Shemeji ni mtu wa Kondoa. Alikuwa hajui kuogelea. Waswahili wanatuonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Yeye akasema, sawa, na nahodha mmoja akitumbukia usiku? Basi jirani akakubali sharti: safari haianzi mpaka shemeji aweze kutweka tanga na kulitua peke yake, kutupa nanga, kusoma dira na kuita msaada kwenye redio. Likizo ile pale Chole nilimwona yuko kwenye maji ya kifua, ameshikilia mtumbwi, mafundi wanamshangilia. Alikunywa maji ya chumvi siku hiyo kuliko chai. Lakini jioni alilitua tanga la mtumbwi mara mbili, mume amekaa tezini mikono mfukoni, kama walivyopatana.

Mistari mingine nitakupitisha haraka. Meno yote yatazamwe, kwa sababu jino halichagui pa kuuma. Miwani miwili. Dawa za presha za miezi sita. Nyumba ya Mkonze apewe nani aiangalie. Wosia umeandikwa, umewekwa kwa mwenye kuaminika. Deni la dukani limelipwa. Na tusidanganyane, hakuna anayejiandaa akamaliza. Mwaka 1840 merikebu ya Sultani Seyyid Said, iitwayo Sultana, ilikwenda kutoka Unguja mpaka New York, nahodha wake Ahmad bin Na'aman, imebeba karafuu, kahawa, tende na pembe za ndovu. Ilifika tarehe 30 Aprili. Ilikuwa mali ya mfalme, ina mabaharia tele, na bado ilifika imechoka, ikabidi wenyeji Wamarekani waitengeneze kwenye karakana yao ya jeshi la majini ndipo iweze kurudi. Sehemu ya matayarisho ni kuwa mtu anayesaidika.

Lakini mstari wa mwisho upande wa "Mimi" ulikaa mtupu muda mrefu. Umeandikwa jina la mdogo wake na neno moja: minazi. Sikuuliza, ila ukikaa na mtu barazani kila jioni, mambo yanajisema. Baba yao alipofariki waligawana shamba la minazi pale Mafia, na mgawanyo ule ukawatenga. Miaka kumi na mmoja hawajasalimiana. Mdogo mtu yuko pale pale. Kila siku anapita kando ya jahazi linaloundwa, na kila siku hasemi kitu. Zamani, mtu wa pwani akitaka kwenda Hija au safari ya mwaka mzima, kabla ya kuuliza upepo aliuliza: nani ananidai, nani nimemuudhi? Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Jirani yangu anaijua desturi hiyo kuliko mimi. Ndiyo maana aliuandika mstari. Na ndiyo maana hakuutia vema.

Wiki iliyopita, alfajiri, nilimkuta kituoni amebeba begi dogo. Nikamuuliza: Nahodha, safari ya Chole? Akasema ndiyo. Nikamwambia, mbona nanga umeiacha, jahazi si limekaribia kushuliwa? Akatazama chini kidogo, akasema: "Hii siyo safari ya chombo, mwalimu. Nakwenda kumwona mdogo wangu."

Bado hajarudi. Jana jioni nilipita pale kwake. Kuku walikuwa wameshapanda, kila mmoja kwenye kucha lake. Shemeji alikuwa ameketi mlangoni na kipande cha kamba, anafunga fundo la kibaharia, analifungua, analifunga tena, hatazami mikono.

 Kama una mstari wako mmoja ulio mtupu, usiku ni mrefu.